Tuliokosa mashamba tuanze na bidoni

Kila mgeni wa mradi anapofika katika vijiji vya watu waliorudi kutoka uhamishoni, siku hizi haikawii kusikika habari ya "kilimo bila udongo". Picha zinaonyeshwa, saladi za kijani zimepangwa ndani ya mabomba meupe, watu wanapiga makofi. Mgeni akishaondoka ndipo maneno yanaanza. Wazee wananung'unika: ardhi yetu imekaliwa na wengine, sasa tunaletewa kilimo kisichotaka ardhi! Vijana wao wanauliza bei ya yale mabomba, na wakishatajiwa wanacheka.

Mimi ni mwalimu. Nilizaliwa katika makazi ya Katumba, huko Mpanda, nikasoma shule ya msingi na sekondari Tanzania, kwa Kiswahili na Kiingereza cha kuungaunga, nikarudi Burundi na wenzangu wa mwaka 1972 katika ile misafara ya 2008 na 2009. Ninafundisha Rumonge. Kilimo hiki cha maji nimekifanya pamoja na wanafunzi kwa misimu kadhaa sasa, na nina maneno mawili ya kusema kuhusu jambo hili. La kwanza, wazee wana haki ya kunung'unika. La pili, hata hivyo tupande.

Tuanze na wazee. Waliolelewa Katumba, Mishamo na Ulyankulu wanakumbuka kwamba familia ilipewa hekta 5. Tulilima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku, tukauza ziada. Hapa nyumbani familia ya mkulima hukaa kwenye nusu hekta au pungufu. Sensa ya 2008 ilihesabu watu milioni 8. Ile ya 2024 ikahesabu zaidi ya milioni 12, na nchi ni ile ile ya kilomita za mraba 27,834. Tume ya Ardhi na Mali Nyingine, ile tuliyoizoea kwa herufi CNTB, ilianza kazi 2006 ikamaliza muda wake 2022, na kila mtu wa Rumonge na Nyanza-Lac anajua ni kesi ngapi za michikichi na viwanja zilibaki mioyoni mwa watu hata pale zilipokwisha kwenye makaratasi.

Kwa hiyo mtu akija na bomba la plastiki akasema hili ndilo jibu la tatizo la ardhi, aambiwe hapana, tena kwa heshima. Maji ndani ya chombo hayatoi maharage ya kulisha watoto sita. Hayatoi muhogo, wala mchikichi wa kumrithisha mtoto. Yanatoa majani: saladi, mchicha, spinachi, sukuma wiki, seleri, vitunguu majani. Basi. Anayedai haki yake ya shamba aendelee kudai, na asikubali kuandikwa kwenye orodha yoyote kwamba "amepatiwa suluhisho" kwa sababu amepewa ndoo tatu.

Lakini hayo majani tusiyadharau. Utafiti wa afya uliofanywa nchini 2016 na 2017 ulionyesha kwamba watoto 56 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kudumaa kuna sababu nyingi, maradhi ya kuhara yakiwemo, na sahani ya mchicha haiziondoi zote. Ila nyumba inayokula ugali wa muhogo na ndagala chache mwezi mzima inahitaji mboga, na katika viwanja vyetu vya mita ishirini kwa ishirini, choo kikishachimbwa na jiko likishajengwa, hakuna pa kupanda hata tuta moja. Wenzetu wa Gatumba nao, ziwa lilipopanda 2021 na tena 2024, udongo wenyewe ulizama. Mtu wa namna hiyo ukimwambia alime, unamwambia alime wapi?

Wenzetu waliokaa kambi za Kasulu na Kibondo wanalifahamu hili kuliko sisi wa Katumba. Wao walizuiwa kutoka zaidi ya kilomita 4 kutoka kambini, kwa hiyo walijifunza kupanda mboga kwenye magunia ya udongo mlangoni pa nyumba. Sisi wenye hekta zetu 5 tuliwaona kama watu wanaocheza. Leo mama aliyetoka Mtabila mwaka 2012 ndiye mwenye mboga, na mzee wa Katumba yuko mahakamani.

Sasa tuje kwenye chombo chenyewe, maana hapa ndipo fedha za watu zinapotea.

Mitambo inayoonyeshwa kwenye picha hutumia pampu. Maji yenye mbolea yanazungushwa ndani ya mabomba, utando mwembamba tu, na mizizi inakunywa yanapopita. Ni mtambo mzuri kwa mji wenye umeme usiokatika. Kwetu, umeme ukikatika saa nne asubuhi na jua la Rumonge limewaka, jioni miche imelala. Shirika moja, sitalitaja, liliwahi kuwawekea akina mama mtambo wa namna hiyo karibu na ninapoishi. Jenereta ilikuwepo. Mafuta ya jenereta ndiyo hayakuwepo, na kila mfanyabiashara wa mpakani anakumbuka foleni za mafuta za miaka hiyo. Leo mabomba yale yanapitisha maji ya mvua kutoka kwenye paa la nyumba ya jirani, na kwa kweli hiyo ndiyo faida pekee iliyobaki.

Kuna njia ya pili, isiyo na pampu wala umeme, na ndiyo ninayoitetea. Mtaalamu wa mbogamboga wa Chuo Kikuu cha Hawaii, B. A. Kratky, aliifanyia kazi kwa miaka mingi na wengi huiita kwa jina lake. Maji yanakaa tu ndani ya chombo, yametulia. Mche unakaa juu ya mfuniko, mizizi inashuka majini. Kadiri mche unavyokunywa, maji yanashuka na nafasi ya hewa inaongezeka kati ya maji na mfuniko. Mizizi ya juu inapumua katika nafasi hiyo, ya chini inaendelea kunywa. Mche mmoja wa saladi hunywa takriban lita 4 tangu kupandikizwa hadi kuvunwa, kwa hiyo bidoni moja ya lita 20 (dumu, kama tulivyosema Mpanda) inatosha saladi nne au tano bila kuongezwa maji hata mara moja.

Chukua basi bidoni ya mafuta ya kula, ile ya njano, uilaze ubavu. Isiwe iliyobeba dawa ya wadudu, wala petroli, wala maji ya betri. Hiyo hata uoshe mara kumi usiitumie. Toboa matundu manne au matano upande wa juu kwa kisu kilichopashwa moto, kila tundu liweze kushika kikombe. Kikombe ni kitako cha chupa ya maji ya kunywa iliyokatwa, kikatobolewa matundu madogo chini na pembeni. Ndani ya kikombe weka kokoto ndogo zilizooshwa, au maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kufika majivu, nayo yaoshwe. Mpunga wa Imbo hauishi, maganda yake yanatupwa kando ya mashine. Mche uwe umeoteshwa pembeni, wenye majani matatu au manne, ndipo uhamishiwe kwenye kikombe.

Jaza maji mpaka yaguse kitako cha kikombe. Yakishashuka, usijaze tena mpaka juu. Hapa wanafunzi wangu wengi hubisha, kwa sababu mkono wa Mwafrika ukiona chombo kinapungua maji unataka kukijaza. Mizizi ya juu ikishazoea hewa, ukiizamisha inakosa pumzi na kuoza. Kama ni mboga inayochumwa muda mrefu, mathalani sukuma wiki, ongeza hadi nusu ya chombo, si zaidi.

Bidoni ya njano inapitisha mwanga, na penye mwanga, maji na mbolea, mwani utaota, maji yageuke kijani na mche udhoofike. Ifunike kwa plastiki nyeusi au kandika tope, kisha juu yake chokaa au kitambaa cheupe ili isichemke kwa jua. Kwetu pwani ya ziwa joto ndilo adui mkubwa wa saladi. Majani yanakuwa machungu na mche unakimbilia kutoa maua. Weka chini ya mwembe au banda la makuti, lipate jua la asubuhi. Mchicha unavumilia zaidi, na mimi binafsi ningemshauri anayeanza aanze na mchicha, saladi aje nayo baadaye akishapata mteja wa hoteli.

Jambo moja sijaliona katika karatasi zozote zinazogawiwa: mbu. Maji yaliyotulia ndani ya vyombo ishirini uani ni kitalu cha mbu, na nchi hii iliwahi kutangaza mlipuko wa malaria mwezi Machi 2017. Kila tundu lizibwe na kikombe chake, na pale penye mwanya pazibwe kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Mwalimu au mkuu wa mtaa atakayekuta bidoni iliyo wazi ana haki ya kuimwaga.

Kuhusu maji yenyewe, nawaomba wenzangu wa Rumonge, Nyanza-Lac na hata Kigoma mnisikilize vizuri. Maji ya Ziwa Tanganyika hayafai yakichotwa hivi hivi. Katika kipimo cha uchachu, yaani pH, ambapo 7 ni katikati, ziwa letu linakaribia 9. Mimea ndani ya maji inataka kati ya 5.5 na 6.5. Kwenye maji ya ziwa chuma kinaganda na mche haukipati. Utaona majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa yake imebaki kijani, na mtu atadhani mbolea haitoshi aongeze, akaharibu zaidi. Ndimu inashusha kipimo kweli, lakini siku chache baadaye kimepanda tena. Dawa ni maji ya mvua. Bati lipo, mvua zinaanza Septemba au Oktoba hadi Mei, pipa lenye mfuniko likae chini ya mchirizi, na mvua ya kwanza ya msimu iachwe ioshe vumbi la paa. Wa milimani wenye chemchemi hawana shida hii.

Tumefika kwenye mbolea, na hapa ndipo wafanyabiashara wa mpakani mnapoingia.

Katika udongo, mimea hupata baadhi ya mahitaji yake bila sisi kujua. Ndani ya bidoni hakuna kitu isipokuwa ulichotia. Urea haifai, maana inategemea vijidudu vya udongoni kuigeuza kabla mche haujaila vizuri. DAP haifai. Mbolea za FOMI ambazo mkulima anaziagiza kupitia mpango wa serikali zimetengenezwa kwa ajili ya udongo, samadi na madini pamoja, na zikitiwa majini hazileti ila tope. Kuna wanaoloweka samadi na kutumia maji yake. Kwa mboga inayoliwa mbichi, katika mji wenye historia ya kipindupindu kama wetu, mimi nasema isifanywe kabisa.

Kinachotakiwa ni vitu vitatu vinavyoyeyuka vyote: NPK maalumu ya kuyeyuka yenye virutubisho vidogo vidogo kama chuma na zinki, kalsiamu naitreti, na magnesiamu salfeti, ile chumvi ya Epsom inayouzwa pia kwenye maduka ya dawa. Kwa NPK yenye namba 4-18-38, kipimo kinachojulikana kwa lita 20 za maji ni takriban gramu 12 za NPK, gramu 12 za kalsiamu naitreti na gramu 6 za chumvi ya Epsom. Kama vijiko viwili na nusu vya chai, viwili na nusu, na kimoja na robo. Mwenye mizani ya sonara aitumie. Yeyusha NPK na chumvi kwanza ndani ya maji yote, ndipo utie kalsiamu iliyoyeyushwa peke yake pembeni. Ukizichanganya zikiwa kavu au nzito, zinagandana na kuwa unga mweupe chini ya chombo, na huo mche hauunywi. NPK yenye namba nyingine, tuseme 19-19-19, soma mfuko: mara nyingi sehemu kubwa ya naitrojeni yake ni urea, na nimeshaeleza habari ya urea.

Angalieni hizo gramu. Bidoni kumi zinahitaji gramu 120 za NPK. Kifurushi cha nusu kilo kinamtosha mama misimu kadhaa. Lakini mifuko inakuja kilo 25, na hakuna mama wa kijiji cha amani atakayenunua kilo 25. Nani atakayegawa? Ninyi mnaovuka Mugina na Manyovu kila wiki. Mnajua kugawa sukari, chumvi, sabuni ya unga, mpaka mafuta ya nywele kwenye vifuko vya nailoni. Mbolea hii ingegawanywa hivyo hivyo ingekuwa biashara ndogo yenye wateja wa kudumu, shule zikiwa za kwanza. Sisemi mpitishe porini. Mbolea ina vibali vyake na mtu aulize forodha kabla ya kununua mzigo. Ninachowaomba walio serikalini ni kwamba anayeleta mfuko mmoja wa mbolea ya kuyeyuka kwa ajili ya bustani za nyumbani asipitishwe mlango ule ule wa anayeleta lori.

Wengine wamesikia kwamba maji haya yanaotesha pia majani ya mbuzi. Ni kweli, na habari yake inatugusa kwa sababu ni ya wakimbizi. Katika kambi za Wasahrawi karibu na Tindouf, Algeria, watu wanaoishi jangwani tangu miaka ya 1970, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kusaidia kilimo cha namna hii miaka kumi hivi iliyopita. Mitambo ya mwanzo ilikuwa makontena ya bei kubwa. Taleb Brahim, mhandisi wa kilimo ambaye mwenyewe ni mkimbizi Msahrawi, alishiriki kuigeuza iwe ya vitu vinavyopatikana kambini. Shayiri inalowekwa, inatandazwa kwenye sinia, inanyunyiziwa maji, na baada ya wiki moja mbuzi wanapata majani mabichi mahali ambapo walikuwa wakila makaratasi na takataka.

Nimewasifu wale Wasahrawi darasani, na ningependa kila mtoto wa aliyerudi ajue kwamba mkimbizi naye anaweza kugundua. Lakini kwetu sioni faida yake. Kilo moja ya mahindi itakupa kilo tano au sita za majani, nawe utafurahi, kumbe uzito ulioongezeka ni maji. Chakula chenyewe kavu kimepungua kidogo kuliko kilivyokuwa kwenye punje. Jangwani pasipo na jani hesabu hiyo inakubalika. Hapa, penye majani kando ya kila barabara, kumpa mbuzi mahindi ambayo mtoto angekula ni hasara. Na atakayejaribu asitumie mtama, kwa kuwa mtama mchanga una sumu inayoweza kuua mnyama, wala mbegu zilizopakwa dawa ya rangi nyekundu.

Turudi kwenye mboga. Bidoni kumi zinatoa kama saladi arobaini kwa wiki sita hivi. Bei sitaiandika, maana gazeti likifika Makamba itakuwa imebadilika. Si mshahara. Ni chumvi, sabuni, daftari la mtoto, na mboga ya nyumbani isiyonunuliwa. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, mboga zinapoadimika sokoni, mwenye pipa lake la maji ya mvua anauza vizuri kuliko miezi mingine, mradi pipa liwe kubwa.

Shuleni kwetu kazi hii imenisaidia kwa namna nyingine. Watoto waliorudi miaka ya karibuni kutoka Nduta na Nyarugusu wanafika wakiwa nyuma kwa Kifaransa, wanakaa viti vya mwisho, wanaogopa kunyoosha mkono. Hilo ninalijua vizuri, kwani Kifaransa mimi nilikianza nikiwa mtu mzima. Lakini ukileta mizani, ukauliza gramu 12 kwa lita 20 ni gramu ngapi kwa lita 35, hesabu haiulizi umetoka kambi gani. Na wengi wao wameshawahi kupanda kwenye gunia, kwa hiyo mkono wao ni mwepesi kuliko wa watoto wa mjini.

Msimu ujao wa mvua tutaanza na bidoni thelathini, kumi za shule na ishirini za wazazi watakaotaka. Mapipa mawili tunayo. Maganda ya mpunga tumeshaahidiwa mashineni. Kalsiamu naitreti bado hatuna, na dada zangu wa Mugina wanaojua pa kuipata Kigoma ikiwa na mfuko wake wenye maandishi, wasiije iliyofungwa kwenye nailoni isiyo na jina, waje shuleni wakati wa mapumziko ya saa nne.